Kadi Zilizotolewa Bure: Nani Mwenye Haki ya Kuziuza?

Usiku mmoja wa mwezi wa Shaaban, baada ya swala ya Isha, baba mmoja katika jamaa ya msikiti wetu alibisha hodi ofisini kwa kamati. Alifuatana na watoto wake wawili, kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9. Kijana alibeba faili jeusi lenye kurasa za nailoni, kama yale ambayo wanafunzi huhifadhia vyeti. Nikadhani wamekuja kugongewa muhuri vyeti vya madrasa, nikaanza kuutafuta mtotoni mwa meza. Kumbe ndani ya faili mlikuwa na kadi za picha za rangi, zimepangwa kurasa kwa kurasa, na katika mfuko wa mwisho mlikuwa na pakiti tatu ambazo hazijafunguliwa.

"Ustadhi," akasema yule baba, "vitu hivi vilitolewa bure huko Marekani. Huyu ameona kwenye simu kwamba vinauzwa kwa dola. Nataka kujua, kitu kilichotolewa bure kinauzika?"

Swali lilionekana jepesi, nikakaribia kulijibu papo hapo. Nashukuru sikufanya hivyo. Kabla mazungumzo hayajaisha tulikuwa tumempigia simu mtu aliye ng'ambo ya bahari, tumemwamsha imamu aliyekuwa amekwisha kujilaza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeonja wasiwasi ambao nitaueleza mbele. Baba huyo ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba sitamtaja yeye wala nduguye.

Kwanza msomaji aelewe kadi hizi ni nini. Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, ipo bustani ya burudani iitwayo Magic Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, nayo ni mali ya kampuni ya Disney. Familia husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kutembea humo. Mwezi Februari 2012 bustani hiyo ilianzisha mchezo ulioitwa Sorcerers of the Magic Kingdom, yaani wachawi wa ufalme wa mazingaombwe. Mgeni alikwenda kwenye jengo lenye sura ya kituo cha zimamoto, katika mtaa wa kuingilia bustanini, akaonyesha tiketi yake, akapewa kadi ya ufunguo pamoja na pakiti ya kadi tano za mchezo. Kisha alizunguka bustanini akitafuta alama fulani zilizochorwa chini. Akisimama juu ya alama na kutumia ile kadi ya ufunguo, kioo kilichofichwa ukutani au dirishani hufunguka, na adui wa katika filamu hutokea akitamba. Mchezaji huinua kadi mbele, kamera iliyofichwa huisoma picha yake, na adui hupigwa kwa kadiri ya nguvu ya kadi iliyoinuliwa.

Kisa chenyewe kilikuwa kwamba Hades, adui wa katika filamu ya Hercules, anataka kuunyakua ufalme, na mzee Merlin, mchawi wa hadithi za Waingereza, anaomba wageni wamsaidie. Miongoni mwa maadui wengine alikuwamo Jafar wa filamu ya Aladdin ya mwaka 1992. Hapa msomaji aniruhusu ninung'unike kidogo. Katika safu zetu za swala wamo akina Jafari si mmoja wala wawili, na hilo ni jina la Sahaba aliyeuawa shahidi vitani Muta. Mwanao akilisikia kwa mara ya kwanza likiitwa adui mwenye ndevu na kilemba, una kazi ya ziada ya kufanya nyumbani.

Wapo pia wazazi watakaoudhika na jina la mchezo na na kadi kuitwa za uchawi. Sitawalaumu. Sihri ni katika madhambi makubwa yanayoangamiza, na si jambo la kumzoeza mtoto hata kwa jina. Hata hivyo tuseme kweli: kilichokuwa kikifanya kazi pale ni kamera na kompyuta, hapakuwa na jini wala hirizi. Nilimwambia hivyo yule baba, akasema analijua hilo, na kwamba kilichomleta ni pesa.

Basi turudi kwenye pesa.

Kadi za kawaida za mchezo huo zilikuwa 70. Nyingine zilipatikana kwa wingi, nyingine kwa nadra, na chache zilikuwa adimu mno. Kila mwenye tiketi alipewa pakiti moja kwa siku, na hakuchagua kilichomo ndani. Tufanye hesabu. Hata kama mtu angebahatika asipate kadi moja mara mbili, angehitaji siku 14 ili azikamilishe zote, na kwa kuwa zilirudiarudia, siku hizo zingezidi sana. Ni familia gani inayosafiri kutoka mbali na kukaa siku zote hizo ndani ya bustani moja? Tena palikuwa na kadi maalumu zilizotolewa katika sherehe za usiku za Halloween na za Krismasi tu, na sherehe hizo zilikuwa na tiketi yake ya pekee. Kampuni ilitoa pia sanduku la kuchezea nyumbani na pakiti za kununua madukani.

Na hilo neno "bure" tulitazame vizuri. Katikati ya mwaka 2012 tiketi ya mtu mzima ya siku moja ilifika dola 89. Kadi ilitolewa bure kwa mtu aliyekwisha kulipa langoni, kama vile maji ya kunawa yalivyo bure hotelini kwa aliyeagiza pilau. Kwa hiyo anayesema kwamba kila aliyeuza kadi ameuza kitu ambacho hakukitolea senti, amesahau lango.

Panapokuwa na watu wanaotaka kukamilisha, na kitu kinachotoka kidogokidogo, soko halikawii kuota. Kadi zikaanza kuuzwa kwenye mnada wa intaneti wa eBay, mojamoja na kwa mafungu, na pakiti zilizofungwa nazo zikauzwa. Mkazi wa Florida mwenye pasi ya mwaka mzima aliweza kuingia, kuchukua pakiti yake na kurudi nyumbani bila kucheza hata mara moja. Mchezo huo haupo tena. Bustani ilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikafunguliwa Julai mwaka huohuo, na mwishoni mwa Januari 2021 mchezo ukakomeshwa moja kwa moja. Kadi zikabaki bila kioo cha kuzisoma, lakini soko halikufa.

Nilipokuwa nikitafuta habari za jambo hili niliona kwamba Florida si peke yake. Mwezi Septemba 2023, jumba la makumbusho la mchoraji Van Gogh, mjini Amsterdam, liliandaa maonyesho pamoja na kampuni ya Pokémon. Mgeni aliyekamilisha zoezi la kutafuta picha alizawadiwa kadi moja bure, yenye Pikachu aliyevaa kofia ya kijivu kwa mfano wa picha ya mchoraji huyo. Walanguzi wakafurika, na mwezi uliofuata jumba likaacha kuitoa kadi hiyo kwa kuhofia usalama wa wageni na wafanyakazi. Watoto waliokuja baadaye na wazazi wao wakaambiwa hakuna. Nchini Japani, Agosti 2025, McDonald's ilitoa kadi za Pokémon pamoja na mlo wa watoto. Watu wakanunua milo kwa wingi kwa ajili ya kadi tu, na chakula kikatupwa. Kampuni ikaomba radhi hadharani. Chakula cha mtoto kinatupwa ili ibakie karatasi! Hapo sihitaji kumtafutia msomaji dalili za ubaya wa israfu.

Nchini Saudi Arabia kadi na michezo ya Pokémon ilipigwa marufuku mwaka 2001, na moja ya sababu zilizotajwa ni kufanana kwake na kamari. Nataja hilo ili ionekane kwamba wanazuoni hawakulichukulia jambo la kadi za watoto kuwa ni mchezo tu. Lakini hukumu ya kadi za aina moja na mahali pamoja haihamishwi kwenda kwingine bila kutazama mambo yalivyo.

Sasa tuje kwenye swali la yule baba. Nilisoma chuo cha Kiislamu, lakini mimi ni katibu, si mufti. Kazi yangu ni kumbukumbu za vikao na risiti za michango. Hata hivyo sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Zawadi ikishatolewa kwa ridhaa na kupokewa mkononi, ni mali ya aliyepewa, na mwenye mali anauza. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimpelekea Umar (r.a.) vazi la hariri. Umar akashangaa, kwa kuwa alikwisha kusikia katazo la wanaume kuivaa. Akafahamishwa kwamba hakupewa alivae, bali aliuze au ampe mwingine. Na Umar huyohuyo aliwahi kumpa mtu farasi katika njia ya Allah, kisha akamwona farasi yule akiuzwa. Aliyekatazwa ni Umar, asikinunue tena kile alichokwisha kukitoa sadaka. Aliyepewa na kuuza hakuambiwa kwamba ameuza kisicho chake.

"Kwa hiyo inafaa," akasema kijana, na nikaona mguu wake ukitikisika chini ya kiti. Alikuwa na shauku ya baiskeli. Binamu yake aishiye Florida alikuwa amekubali kumuuzia, na kwa hesabu zake fedha ingetosha.

Nikamuuliza baba, kadi hizi zilimfikiaje huyo aliyewapa? Akasema ni nduguye mkubwa, amekaa Florida kwa miaka mingi, na alipokuja likizo aliwaletea watoto faili hili akawaambia ni lenu nyote wawili. Zaidi ya hapo hakujua. Kule ilikuwa bado mchana, tukampigia.

Mzee huyo alifurahi kusikia sauti zetu. Akasimulia bila kuficha. Alikuwa akiingia bustanini na familia yake, watu sita, na aliyecheza ni mtoto wake mmoja tu. Wote sita walipanga mstari na tiketi zao na kupewa pakiti sita, ndizo kadi 30 kwa siku. Nikamwambia kwamba hapo sioni tatizo. Aliyetoa ameweka sharti lake, kwamba kila mwenye tiketi ana pakiti yake, wala hakushurutisha kwamba lazima acheze.

Kisha akaendelea, na sauti yake ikapungua. Alasiri, watu wazima waliochoka walipokuwa wakielekea kutoka, alikuwa akiwasogelea na kuwaomba pakiti zao ambazo hawakuzitumia. Aliwaambia kwamba mtoto wake anakusanya. Mwanzoni ilikuwa kweli. Baadaye mtoto alikwisha kukamilisha na hata kuchoka, lakini yeye aliendelea kuomba kwa maneno yaleyale, na alizozipata akaziuza. Zilizobaki alizichanganya na nyingine, na ndizo zilizokuja katika faili.

"Walikuwa wakitabasamu wakinipa," akasema. "Bibi mmoja alinipa pakiti nne, za waume na wajukuu wote. Akasema mfikishie salamu mwanao."

Ofisini kukawa kimya. Binti alikuwa akitazama kadi, hakusikiliza, na nikamshukuru Allah kwa hilo. Kijana alisikia kila neno.

Hapo ndipo tulipomwamsha imamu. Alikuja na kanzu yake ya kulalia, akaketi, akasikiliza kisa kwa ukamilifu kisha akaomba chai. Jibu lake lilikuwa hivi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza kwamba mtu akipewa kitu kwa sababu ya sifa inayodhaniwa anayo, na yeye anajua kwamba hana, si halali kwake kukichukua. Mfano wao ni anayepewa kwa kudhaniwa fukara naye ni tajiri. Ridhaa ya mtoaji ilisimama juu ya sifa ile, na sifa isipokuwapo ridhaa imekosa pa kusimama. Yule bibi hakumpa pakiti mfanyabiashara, alimpa mtoto, na mtoto huyo hakuwapo. Kama angeambiwa kwamba bwana huyu anakwenda kuziuza, huenda angempa vilevile, na huenda angemhurumia zaidi. Lakini hakuambiwa, na jambo lolote la "huenda" halimtoi mtu katika dhima.

Nikafikiri juu ya udogo wa jambo lenyewe. Ni karatasi. Kampuni iliyozichapa ni tajiri kupita nchi nyingi, na yule bibi kwa hakika amekwisha kusahau. Niliyasema haya kwa sauti. Imamu akaniuliza, "Katibu, mtu akichukua shilingi 200 katika kisanduku chako cha michango utaandika nini katika daftari?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kila mtu msikitini anajua ninavyoandika.

Mzee wa Florida akauliza afanye nini, kwani waliompa hawajui kwa majina wala kwa nyuso. Akaambiwa akadirie kwa dhana yake iliyo na nguvu zaidi ni pakiti ngapi alizozipata kwa maneno yale na kuziuza, na kiasi hicho cha fedha akitoe sadaka kwa niaba ya wenyewe, pamoja na toba. Na zilizomo katika faili? Imamu akasema kwamba asiposhika kwa yakini ni zipi, naye ana hakika kwamba nyingi ni zake za halali, akadirie pia thamani ya zile za shaka aitoe, na faili libaki kwa watoto, kwa kuwa wao hawakujua na walipewa kwa wema.

Mzee akasema mara moja, "Basi nitaituma hapo msikitini kwenu, Katibu, mtengeneze mabati."

Hapa ndipo penye wasiwasi nilioutaja. Paa la upande wa wanawake linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Kamati imekaa vikao vinne juu ya paa hilo na kumbukumbu zote nimeziandika mimi. Nilikwisha kuanza kuhesabu mabati mangapi. Nikamtazama imamu nikitumaini atanyamaza, maana nakumbuka tulisoma chuoni kwamba mali isiyojulikana mwenyewe yafaa kutumiwa katika maslahi ya umma, na misikiti ikiwamo. Naye akakubali kwamba yafaa. Ila akasema, mwenye kupenda ukamilifu angeangalia waliotoa walikusudia nini. Walimkusudia mtoto. Na wengi wao yaelekea si Waislamu, wala hawakuwa na haja na paa letu. Akamshauri aipeleke kwa watoto wagonjwa au mayatima hukohuko alipo. Mzee akakubali. Mimi nikanywa chai.

Zikabaki zile pakiti tatu. Kijana alikuwa amesoma kwamba pakiti iliyofungwa huweza kupata bei nzuri kuliko kadi zilizomo ndani, kwa hiyo hakutaka kuzifungua. Nikamwuliza, mnunuzi analipia nini? Akajibu, "Huenda ndani mna adimu." Nikasema, na kama hamna? Akanyamaza. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, yaani kuuza kisichojulikana hali yake. Wapo watakaosema kwamba hata mfuko wa sukari umefungwa. Ndiyo, lakini kila mfuko wa kilo una sukari ileile, na mnunuzi anajua anacholipia. Pakiti hii thamani yake yote imo katika kutojulikana. Mmoja atatoa dola na kupata karatasi tano alizokwisha kuwa nazo, mwingine atatoa dola hizohizo na kupata kitu cha kuuza kwa mara kumi. Kinachonunuliwa ni tumaini, na mlango huo unafanana mno na ule wa kamari kwa Muislamu kupita akifumba macho. Imamu akasema ataziuza akizifungua, kila kadi ikionekana, kwa bei yake.

"Zifungue," baba akasema.

Kijana akasita. Dada yake akanyoosha mkono akachukua moja na kuichana kabla hajaambiwa. Kadi tano. Kijana akazipitia upesi kama karani wa benki: ninayo, ninayo, ninayo, hii ninayo tatu, ninayo. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na moja ambayo hawakuwa nayo, nayo haikuwa adimu. Zote tatu pamoja hazikufikia, kwa hesabu yake mwenyewe, robo ya bei aliyotarajia kwa pakiti moja iliyofungwa. Alikaa akizitazama. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mtu angenilipa kwa hizi." Hakuna aliyeongeza neno, na nadhani tulifanya vizuri.

Jambo la mwisho lilikuwa dogo kwa sura, lakini ndilo lililotuchukua muda. Baba alikuwa na mpango wake: kuziuza zote, kijana apate baiskeli na binti ashonewe gauni la Idi. Binti hakutaka gauni. Alitaka kadi. Baba akacheka akasema huyu ni mtoto, atasahau. Imamu hakucheka. Akamweleza kwamba mali ya mtoto ni amana mikononi mwa baba yake. Anaisimamia kwa maslahi ya mtoto huyo, na hana ruhusa kuitoa kwa mwingine, hata akiwa kaka yake. Kaka naye hajafikia baleghe, kwa hiyo asiuze peke yake kwa simu na binamu, bali walii wake auze kwa ajili yake na kwa uwazi. Ami yao alisema ni lenu nyote wawili, basi faili ligawanywe kwanza.

Niseme ukweli, katika nyumba zetu nyingi hili hatulifanyi. Fedha za Idi za watoto tunazikusanya tukasema tunawatunzia, na zikaishia kwenye luku na mkaa. Mtoto wa kike ndiye aghalabu wa kwanza kuambiwa amwachie mwenzake. Nami nina watoto, na usiku ule nilikumbuka kisanduku fulani cha plastiki kilichokuwa juu ya kabati langu. Nimekirudisha, pamoja na kilichopungua.

Tuligawa pale pale juu ya meza ya ofisi. Zilizokuwa mbilimbili zilikuwa rahisi. Zilizokuwa mojamoja walichagua kwa zamu, binti akianza, kwa amri ya imamu. Kijana alichagua kwa bei, na dada yake kwa picha. Mara mbili aliacha kadi ambayo kaka yake aliikodolea macho akachukua yenye farasi au yenye maua, na kila mara kijana alishusha pumzi. Ilikuwa imekaribia saa tano za usiku walipomaliza.

Fungu la kijana lilikwenda Florida na msafiri mwanzoni mwa Shawwal. Binamu ameandika chini ya kila picha hali ya kadi, iliyokunjika pembe imesemwa imekunjika. Baadhi zimeuzwa, nyingine bado, na kilichopatikana hakijafikia baiskeli. Baba amesema atajaza akiona kijana amejaza nusu, na sasa kijana humsaidia jirani dukani siku za Jumamosi. Mzee wa Florida alituma ujumbe kwamba ametoa kile alichokadiria, kisha akatuma wa pili kwamba ameongeza, kwa kuwa amekumbuka watu wengine.

Binti alikuja ofisini juzi baada ya madrasa, faili chini ya kwapa. Anazo kadi tano zilizojirudia, na rafiki yake wa darasani hana hata moja. Akauliza kama yeye mwenyewe anaweza kumpa, au mtoto hana ruhusa ya kutoa mali yake zawadi. Nimelipeleka swali hilo kwa imamu.